Hamsini Ikibisha Hodi



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji. Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), juma hili nimekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kulizungumza, hata tukiwa wenyewe kwa wenyewe barazani. Jambo lenyewe ni kuzeeka kwetu. Nimelileta katika ukurasa huu wa familia kwa makusudi, kwani mwanamume hazeeki peke yake. Huzeeka ndani ya nyumba, mbele ya mke na watoto, na namna anavyolipokea jambo hilo huwagusa wote walio chini ya paa lake.

Mimi nilitimia miaka hamsini miaka mitatu iliyopita. Nyumbani kwetu hatuna desturi ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa, lakini binti yangu mdogo aliiona tarehe katika kitambulisho changu akaniambia, "Baba, leo umetimia hamsini." Nikamjibu kwa mzaha kuwa amechelewa kunipa habari, kwani mwaka wa Hijria hupungua kiasi cha siku 11 kwa mwaka wa Miladi, na kwa hesabu hiyo nilikuwa nimeshaipita hamsini tangu mwaka mmoja na nusu nyuma. Tukacheka. Usiku nilipolala, mzaha ule ulinirudia kwa sura nyingine. Muda wote ule dalili zilikuwa zikinijia moja baada ya moja, nami nilikuwa nikizifungia mlango.

Ya kwanza ilikuwa macho. Katika darsa ya baada ya Maghrib nilianza kukishika kitabu mbali, mkono umenyooka kama mtu anayempa mwenziwe. Wanafunzi waliona, wakanyamaza kwa adabu. Mimi nikailaumu taa ya msikiti. Ya pili ilikuwa usingizi: nikawa naamka mara tatu au nne kwenda msalani, na mchana kiu haikatiki. Nikalilaumu joto la Mombasa. Ya tatu ilikuwa goti la kulia. Kuinuka kutoka kwenye sijda kukawa kazi. Nikalaumu ngazi za nyumba zetu hizi za Mji wa Kale, ambazo babu zangu walizipanda na kuzishuka umri wao wote bila kuzilaumu.

Kila nilipoulizwa nilikuwa na jawabu. Mama watoto aliniuliza usiku mmoja, "Maalim, mbona hulali?" Nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahiki, nikamwambia ashughulike na yake. Hakusema neno. Alijigeuza upande wa ukuta, na tangu usiku ule hakuniuliza tena. Mimi nikadhani nimepata utulivu, kumbe nilikuwa nimemfungia mlango mtu pekee aliyekuwa macho pamoja nami.

Siku nyingine nilikuwa napandisha mtungi wa gesi. Nilipofika ghorofa ya kwanza nikasimama kuvuta pumzi. Kijana wangu mkubwa, naye alikuwa na miaka 19, akashuka mbio, akautia mkono mtungi na kusema, "Niachie, baba." Maneno mawili tu, tena ya wema. Nami nilimkemea kwa sauti iliyowafikia majirani walioketi nje. Nilimwambia bado sijafa. Aliuachia mtungi, akakaa kando, nikapita. Niliupandisha hadi juu, na goti likaniuma siku nne.

Naeleza haya, wasomaji wangu, si kwa kuyafurahia. Nayaeleza kwa kuwa nina hakika baadhi yenu mnamtambua mtu huyu. Pengine ni mumeo, au baba yako, au kaka yako mkubwa. Mnaona hasira yake wala hamjui chanzo chake, nanyi mnajiuliza mmemkosea nini. Aghalabu hamjamkosea lolote. Huyo ni mtu aliyeingiwa na hofu na hajapata pa kuiweka.

Lililonifikisha ukingoni lilitokea katika sala ya Isha. Nilikuwa nimesalisha rakaa ya kwanza, na nilipotaka kuinuka kutoka sijda ya pili, goti lilikataa. Nikabaki nimekaa. Waliokuwa nyuma yangu wakadhani nimekaa kwa tahiyyatu kimakosa, wakanikumbusha kama ilivyo sunna: "Subhanallah." Nikajaribu tena. Wakarudia: "Subhanallah." Mara ya tatu niliinuka kwa kuusukuma ukuta wa mihrabu kwa mkono, nikaikamilisha sala. Tulipotoa salamu, mzee mmoja akaniuliza, "Vipi sheikh, ulisahau?" Nami nikajibu, "Ndiyo, nilisahau."

Haikuwa kweli. Niliitoka mihrabu, mahali ninapowahimiza watu kusema kweli, na uongo mdomoni mwangu, kwa sababu ya goti.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama watoto amekwisha rejea kutoka sehemu ya wanawake ya msikiti. Aliniwekea chai, akaketi mbele yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Akasema, "Maalim, hukusahau. Nimekusikiliza ukisalisha miaka 26. Ukisahau, sauti yako hubadilika. Leo ilikuwa ni goti." Sikumjibu. Akaongeza, "Mimi siogopi goti lako. Naogopa hivi unavyotuficha. Siku utakapofichika kabisa sitajua nikufikie wapi."

Maneno yale yalinizidi nguvu. Asubuhi yake tulifuatana zahanati, mimi na yeye. Nilipimwa sukari kabla ya kula chochote, ikapatikana 9.4, na kipimo kiliporudiwa siku nyingine hakikuwa mbali na hapo. Kwa kipimo hiki kinachotumika kwetu, mtu ambaye hajala akifikia 7 na kuendelea, na kipimo kikarudiwa kikawa vile vile, huyo huhesabiwa ana kisukari. Kumbe kiu ile na kuamka kule usiku havikuwa joto la Mombasa. Daktari aliniuliza tangu lini nina dalili hizo. Mama watoto ndiye aliyemjibu, kwa mwezi na kwa mwaka, kwani yeye alikuwa akihesabu.

Daktari alinifahamisha mambo ambayo ningependa kila nyumba iyajue. Sukari yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mtu kuhisi maumivu, huku ikidhuru macho, figo na mishipa. Shinikizo la damu nalo huja kimya kimya. Tezi dume, ambayo kila mwanamume anayo, huongezeka ukubwa kadiri umri unavyokwenda, nayo pia yaweza kumwamsha mtu usiku. Yapaswa kuchunguzwa, isikisiwe. Ama macho ya karibu, hayo ni ya takriban kila mtu aliyepita arobaini: lenzi ya jicho hukakamaa, na dawa yake ni miwani ya kusomea, wala si taa mpya. Goti langu lilikuwa limelika gegedu. Lingefaidika kwa kupunguza uzito na kuiimarisha misuli ya paja kwa mazoezi mepesi. Yote hayo yana njia, ila mtu awahi kusema.

Sasa tuitazame dini yetu, tuone kama inatutaka tufiche. Katika Surat Rum, aya ya 54, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa ametuumba katika udhaifu, kisha akatupa nguvu baada ya udhaifu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu na mvi. Tutazame mpango huo. Udhaifu wa mwisho umetajwa kama ulivyotajwa wa kwanza, na wote ni kazi ya Muumba mmoja. Hatumwonei haya mtoto mchanga kwa kuwa hawezi kusimama. Basi kwa nini mtu mzima ajionee haya? Nabii Zakariya (a.s.), katika Surat Maryam, alipomwomba Mola wake alianza kwa kuukiri uzee wake waziwazi: mifupa yake imedhoofika na kichwa chake kimeenea mvi. Hakuficha kwanza ndipo akaomba. Kukiri kulikuwa ndio mlango wa dua.

Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Haya yamepokewa kutoka kwa Usama bin Sharik. Katika maneno hayo mna mafunzo mawili. Maradhi yatibiwe, na asiyetibiwa kwa kiburi amejidhulumu. Uzee wenyewe nao haufutwi, basi anayetumia mali na heshima yake kuufuta anapigana vita visivyo na ushindi.

Na sahaba Imran bin Husayn alipopatwa na maradhi ya bawasiri, Mtume (s.a.w.) alimfundisha asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Hadithi hii nimeisomesha mara nyingi. Nimewafafanulia wengine ruhusa iliyomo ndani yake, nami nilipoihitaji nikaiona ni ya watu wengine. Hata Mtume mwenyewe (s.a.w.), Bi Aisha (r.a.) ametusimulia, alipokuwa mtu mzima alizisali sala zake za usiku hali ya kukaa. Na katika maradhi yake ya mwisho, baada ya kumwamrisha Sayyidna Abubakar asalishe watu, alitoka siku moja akishikiliwa na watu wawili, miguu ikiburura ardhini, mbele ya macho ya watu. Yeye ndiye mbora wa viumbe, na alikubali kushikwa mkono. Mimi ni nani nimkemee mwanangu kwa kunishika mtungi?

Jioni ile nilimwita kijana pale pale kwenye ngazi, majirani wakiwa wameketi kama kawaida yao, nikamwomba radhi kwa sauti isiyopungua ile niliyomkemea nayo. Aliinamisha kichwa, akaubusu mkono wangu, wala hakuweza kusema. Siku hizi mtungi tunaubeba wawili.

Dada zangu, kuna namna nyingine ya kuficha, nayo nitaisema kwa adabu. Mara kwa mara hunijia mwanamume wa rika langu akitaka ushauri wa kuoa mke wa pili, msichana mdogo. Dini imeliruhusu jambo hilo kwa sharti la uadilifu, nami siharamishi alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini huwauliza: je, unamtaka mke, au unakimbia kioo? Wapo wanaonyamaza kwa muda mrefu. Mtu akioa ili ajione kijana, msichana wa watu huwa dawa, na dawa isipofanya kazi hutupwa. Kwanza kabisa mtu huyo na ajue kwamba kupungua nguvu za kitandani katika umri huu kwaweza kuwa ishara ya sukari, au ya mishipa ya moyo isiyo na afya. Vidonge vya nguvu vinavyouzwa kwa siri vichochoroni vyaweza kumwangusha mtu mwenye maradhi ya moyo, hasa akiwa anatumia baadhi ya dawa za moyo. Pa kuanzia ni kwa daktari, na mke aliyekaa naye miaka yote hiyo ndiye anayefaa kulijua kabla ya muuza vidonge.

Kilichobaki katika maficho yangu kilikuwa kizito kuliko goti. Tumeusiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Nilikuwa nimelala maelfu ya nyusiku. Baada ya habari za zahanati niliketi na kalamu, nikaanza, kama inavyopasa, kwa madeni. Deni la kwanza kuandikwa lilikuwa la mama watoto. Tulipooana nilitoa nusu ya mahari, na nusu nikaahidi kuilipa baadaye. Watoto wakaja, karo zikaja, naye hakuulizia hata siku moja. Ukimya wake nikaufanya msamaha, na haukuwa msamaha, kwani hakuna aliyemwomba.

Naomba wanawake wanaonisoma wailewe vyema sheria hii. Mahari ambayo haijalipwa ni deni juu ya mume. Akifa, baada ya gharama za mazishi, hutolewa pamoja na madeni mengine kabla mirathi haijagawanywa, na baada yake mjane hupata fungu lake la urithi kamili: thumuni ikiwa mume ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Fungu hili haliondoi deni lile. Ni wajane wangapi wameipoteza haki hiyo kwa kuwa hakuna aliyeiandika, nao wakaona haya kuitaja matangani?

Nilizikusanya fedha kwa miezi mitano, nikazitia katika bahasha, nikamkabidhi baada ya sala ya Alfajiri. Aliifungua, akahesabu kwa macho, akafahamu. Akasema, "Nilidhani umesahau." Nikamwambia ukweli, na safari hii ulinitoka kwa wepesi: "Sikusahau. Nilidhani tuna muda mwingi."

Hili ndilo nililojifunza, nami ndilo ninalotaka mlichukue katika makala haya. Hamsini haikuniondolea kitu kikubwa kuliko vile nilivyojiondolea mwenyewe kwa kuficha. Goti lilininyima sijda nyepesi, lakini kuficha kulininyima mazungumzo na mke wangu, mapenzi ya mwanangu na ukweli wa ulimi wangu. Udhaifu ni majaaliwa ya Mola wetu. Kuuficha ni uamuzi wetu.

Wala mtu asidhani kuwa akikiri umri ndio amekwisha. Mtume (s.a.w.) alikuwa na umri wa kiasi cha miaka hamsini alipofiwa na Bi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, mwaka unaojulikana kwa huzuni. Akaenda Taif, wakamfukuza kwa mawe. Ungemtazama siku ile kwa jicho la dunia ungesema mambo yake yamefikia ukingoni. Alihama kwenda Madina akiwa na miaka 53, na msikiti wake, umma wake na miaka kumi ya Madina vyote vilikuja baada ya hapo. Basi mwenye hamsini ana kazi bado, ila ni kazi ya kufundisha, kukabidhi na kusuluhisha.

Niwausie wake na watoto machache. Msimfanyie mzee wa nyumba mzaha wa umri mbele ya wageni, hata akicheka. Mkitaka kumuuliza juu ya afya yake, muulizeni faraghani, tena msikate tamaa kwa jawabu la kwanza, kwani la kweli huja la pili au la tatu. Fuataneni naye kwa daktari, kwani peke yake atasahau nusu ya dalili. Jikoni, msimpikie chakula chake mbali kama mgonjwa. Kwetu sote tumepunguza sukari ya chai, na mahamri yamekuwa ya Ijumaa. Nanyi vijana, mnapotaka kumpokea baba mzigo, badala ya "niachie" semeni "tusaidiane". Tofauti ya maneno hayo mimi naijua.

Ama sala ya Isha, siku hizi anasalisha mwanafunzi wangu mmoja, nami nasimama safu ya kwanza upande wa kulia, kiti kikiwa nyuma yangu. Nasimama kwa kisimamo, narukuu, kisha naketi kitini kwa sijda, kwa ishara, kwani hiyo ndiyo niliyoshindwa na hiyo ndiyo niliyoruhusiwa. Usiku wa kwanza niliwaeleza watu kuwa ile siku sikusahau, bali goti lilinikataa nami niliona haya kusema. Msikiti ulinyamaza. Juma lililofuata vikaongezeka viti viwili. Wenyewe ni watu wazima wa mtaa wetu, na mmoja wao ni yule mzee aliyeniuliza kama nilisahau. Aliniinamia baada ya sala akaninong'oneza kwamba magoti yake yamekuwa yakimuuma miaka saba.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie macho yetu, masikio yetu na nguvu zetu muda wote utakaotuweka hai. Utujaalie bora ya umri wetu iwe ni mwisho wake. Wape waume zetu na baba zetu ndimi za kusema wanapoumwa, na uwape walio nyumbani mwao masikio ya kusikia. Uwarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.